Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake: barua ya wazi kwa wakuu wa AFL

Kwa Wajumbe wa Tume ya AFL na Mkurugenzi Mtendaji,
AFL House, Docklands,
Melbourne.

KUH: MECHI ZA MABINTI ZETU NA MASHARTI MLIYOZIFUNGIA

Waheshimiwa,

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Nakala ya Kiingereza mtaipata kwa posta, lakini hii ndiyo yenyewe, maana walionituma niiandike ni kina mama ninaosimama nao kando ya uwanja kila Jumapili ya baridi huku Tarneit, magharibi mwa Melbourne: Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Bukavu na Uvira, Warundi. Mabinti zetu wanacheza futi, yaani kandanda ya Kiaustralia, ambayo AFL ndiyo ligi yake kuu. Wanarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, wanakula chakula cha watu watatu, wanalala. Na kila mama mgeni akishamaliza kuushangaa ule mpira uliochongoka ncha mbili, swali lake huwa lile lile: "Dada, huu mchezo una kazi ndani yake, ama ni kuvunjana miguu tu?"

Mpaka leo sijampa mtu jibu lililonyooka. Jibu liko kwenu, ndiyo sababu ya barua.

Msomaji wangu uliyeko Mombasa au Kigoma, kwanza nikuchoree kidogo. Uwanja ni mkubwa, wa umbo la yai, ule ule wa kriketi. Kila upande una nguzo nne. Ukiupitisha mpira kwa mguu katikati ya zile mbili ndefu unapata alama sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi unapata moja ya kufutia machozi. Mpira unapigwa teke, unapigwa ngumi, haurushwi. Ukidaka hewani mpira uliopigwa teke, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Wanaume huingia uwanjani 18 kila upande, wanawake 16. Hakuna kuotea. Hakuna helmeti wala pedi, ila kinga ya meno tu, ile unayoitia kwenye maji ya moto jikoni kisha unaiuma ichukue umbo la kinywa. Ya binti yangu ilishawahi kuyeyuka kwenye sufuria yangu ya chai. Basi umeshaujua mchezo.

Aliyenifundisha mimi futi ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mtu wa Footscray, klabu ambayo leo inaitwa Western Bulldogs. Akiwa kijana mdogo aliiona ikitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1954, halafu akaketi kuusubiri wa pili mpaka 2016. Miaka 62! Mimi basi likichelewa dakika kumi naanza kunung'unika. Machi 2018 wanawake wa klabu hiyo hiyo wakaingia fainali dhidi ya Brisbane, mvua inanyesha, na mzee akanilazimisha nikae naye mbele ya televisheni ingawa zamu yangu ilikuwa haijaanza. Wakashinda 27 kwa 21. Pengo la alama sita, goli moja tu. Alilia. Akanishika mkono akanieleza jambo ambalo sijalisahau: kwamba hata wale mashujaa wake wa 1954 walikuwa na kazi za mchana, viwandani na kwenye reli, na jioni walikuja mazoezini na nguo za kazi. "Hawa wasichana," alisema, "wako pale tulipokuwa sisi."

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Skafu yake ya nyekundu, nyeupe na buluu nilipewa na bintiye, na ndiyo anayojifunga binti yangu shingoni tukienda uwanjani.

Nawaeleza habari za mzee kwa sababu mnapoulizwa kuhusu ligi ya wanawake huwa mnajibu kama vile ya wanaume ilishuka kutoka mbinguni ikiwa na mishahara yake. Ligi iliyozaa hii yenu ilianza kucheza mwaka 1897. Karibu karne nzima wachezaji wake walikuwa watu wa kazi mbili, na hakuna aliyewaambia kwamba mechi zao zitaongezwa pale mashabiki watakapotimia idadi fulani. Walipewa mechi, mashabiki wakazifuata.

Sasa niingie kwenye kiini.

Tarehe 3 Februari 2017, usiku wa kwanza wa AFLW, ligi yenu ya wanawake, Carlton na Collingwood walikutana kwenye uwanja wa Princes Park. Kiingilio kilikuwa bure. Waliingia watu 24,568, kisha milango ikafungwa, na bosi wenu wa wakati ule, Gillon McLachlan, ikambidi atoke nje kuwaomba radhi waliobaki barabarani. Jasmine Garner akafunga goli la kwanza la historia, Darcy Vescio akafunga manne, Carlton wakashinda 46 kwa 11. Februari ya mwaka uliofuata, Fremantle na Collingwood walijaza watu 41,975 katika uwanja mpya wa Perth. Na fainali ya 2019, Adelaide dhidi ya Carlton, iliangaliwa na watu 53,034 ndani ya Adelaide Oval.

Hao watu hawakuokotwa njiani. Walikuja wenyewe, na walikuja kwa sababu uwanja ulikuwa mkubwa, siku ilikuwa nzuri, na mlango ulikuwa wazi.

Kisha mwaka 2023 mkatia sahihi makubaliano ya kazi yatakayokwenda hadi 2027, ya kwanza yaliyowaweka wanaume na wanawake kwenye karatasi moja. Nayapongeza, na sipongezi kwa unafiki. Mwaka 2017 mchezaji wa daraja la chini alilipwa dola 8,500 na nyota wachache 27,000. Makubaliano mapya yakaweka wastani wa dola 60,000 kwa mwaka 2023, ufike 82,000 mwaka 2027, na mikataba ikawa ya miezi kumi na miwili. Mwanamke mwenye kodi ya nyumba anajua tofauti ya kulipwa nusu mwaka na kulipwa mwaka mzima, hahitaji kuelezwa na mchumi. Wastani wa wanaume unapita laki nne, lakini hilo naliacha leo, maana nikilianza barua haitakwisha.

Ninaloshika ni lile sharti. Mechi za kawaida za msimu, kabla ya mtoano, zilipangwa zipande kidogo kidogo mpaka 12, na mwaka 2025 zikafika hizo 12. Zaidi ya hapo, hadi 14, mkasema itategemea: wastani wa watazamaji 6,000 uwanjani na 100,000 kwenye matangazo kwa kila mechi.

Kwetu tunasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Nyinyi mmemfunga mbuzi kamba ya mita mbili, mnakuja jioni na mizani, mnampima, mnasikitika hajanenepa, kisha mnamwambia akinenepa mtaongeza mita.

Kwani nani anapanga ratiba? Ni nyinyi. Mwaka 2024 mlitaka kubana mechi 11 ndani ya wiki kumi, kwa hiyo zikapangwa mechi za katikati ya wiki, Jumanne na Jumatano. Watu ninaowajua mimi, wale wanaopenda mpira huu kwa dhati, Jumanne jioni wako kwenye foleni ya magari, ama wanachukua watoto, ama wanaingia zamu. Na sisi kina mama wa watoto wanaocheza, jioni za katikati ya wiki ndizo za mazoezi ya watoto wenyewe! Msichana wa miaka 14 anayetakiwa awe shabiki wenu wa kesho yuko uwanjani mtaani anakimbizwa na kocha wakati nyota wake anacheza upande wa pili wa mji.

Nani anachagua viwanja? Ni nyinyi na klabu zenu. Nenda Punt Road, nenda Arden Street, ukahesabu nafasi zilizopo. Navipenda viwanja hivyo, mtu unakaa karibu mpaka unasikia mgongano wa mabega na mchezaji akimwita mwenzake kwa jina la utani. Lakini usinipeleke kwenye uwanja wa watu elfu chache halafu uniulize wako wapi elfu sita. Wengine wapande miti? Fainali za 2023 na 2024 zilichezwa Princes Park, pale pale ilipoanzia, wakati uwanja ukibeba watu elfu kumi na mbili na ushei. Ulijaa. Miaka michache nyuma fainali iliita watu elfu hamsini na tatu. Mtu asiyejua atasoma hizo namba aseme mchezo umeshuka, kumbe ni viti vilivyopungua.

Hesabu yangu nyingine ni ya uchungu zaidi, na niliifanya kwenye meza ya jikoni nikiwa na binti yangu. Tulichukua klabu iliyokuwepo tangu usiku ule wa 2017, tukajumlisha mechi zake za kawaida tu, bila za mtoano: saba, saba, saba, kisha sita kwa sababu ya korona, tisa, kumi, kumi, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Misimu kumi, kwa kuwa mwaka 2022 mlicheza miwili. Jumla: mechi 89.

Mchezaji asiyeumia hata mara moja, asiyeachwa, asiyepata mtoto, aliyeanza na ligi akiwa na miaka 21 na leo anakaribia miaka ya kutundika njumu, hajapewa mechi mia moja isipokuwa timu yake iwe imezoea kufika mtoano. Mwanaume anapata 22 au 23 kwa mwaka. Mechi 89 anazimaliza katika misimu minne na bado ni kijana. Binti yangu alizitazama zile namba kwenye bahasha ya bili ya umeme tuliyokuwa tukiandikia, akasema, "Kwa hiyo nikikosa wiki tatu, nimekosa robo ya mwaka." Ndiyo, mwanangu. Robo ya mwaka wa kazi. Ukiteguka kifundo cha mguu, ukapumzika wiki tatu kama daktari alivyokwambia, umeshapoteza nafasi ya kumwonyesha kocha kwamba unastahili mkataba mwingine.

Na klabu ziko 18. Kwa mechi 12, kila timu inakutana na wenzake kumi na wawili tu kati ya 17. Watano hawaonani nao msimu mzima mpaka Mungu apende wakutane kwenye mtoano. Ligi gani hiyo ambayo bingwa anaweza kutawazwa bila kuwaona wote? Hata mashindano ya mtaani Likoni ya kugombania mbuzi, watu wanahakikisha kila mtu amecheza na kila mtu, la sivyo patachafuka.

Tena tazameni mlichokipata kwa kamba hiyo fupi. Erin Phillips, binti wa Greg Phillips wa Port Adelaide, alicheza futi na wavulana mpaka miaka 13, kisha njia ikaisha kwa sababu hapakuwa na pa wasichana kwenda. Akageukia mpira wa kikapu: akacheza WNBA kule Marekani, akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing 2008. Mlipofungua mlango mwaka 2017 alikuwa na miaka 31. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka huo, na tena 2019. Katika ile fainali ya watu elfu hamsini na tatu goti lake liliachia, akatolewa kwa machela, na uwanja mzima, mpaka mashabiki wa Carlton waliokuwa wanapigwa, ukasimama kumpigia makofi. Nikiikumbuka ile picha huwa najiuliza alituibia nani ile miaka kumi na minane kati ya 13 na 31. Hakuna aliyeshtakiwa.

Daisy Pearce alikuwa mkunga. Mkunga hasa, wa kupokea watoto wodini, huku ni nahodha wa Melbourne. Mwaka 2019 akajifungua mapacha, akakaa nje msimu, akarudi, na Novemba 2022 akanyanyua kombe. Sasa ni kocha wa wanawake wa West Coast. Wengi wetu hatujui hata jinsi ya kurudi kazini baada ya mtoto mmoja.

Na yuko mmoja ambaye sisi watu wa Kiswahili tunamhesabu wetu, hata kama hatujamwomba ruhusa. Akec Makur Chuot alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia kambi ya Kakuma kule Turkana, ambako sokoni Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, na akaja Perth mwaka 2005. Fremantle ikamchukua kwa msimu wa kwanza kabisa wa 2017. Baadaye akachezea Richmond, kisha Hawthorn. Kuna mama mmoja katika kundi letu aliyepitia Kakuma. Siku ya kwanza alipomwona Akec kwenye televisheni akikimbia pembeni kwa zile hatua ndefu, alisimama na kijiko cha ugali mkononi akapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake alinunua njumu za binti yake. Shabiki mpya huyo, hamkulipia tangazo hata senti. Ila naomba mjiulize, ukimchukua mtu aliyekuja kuujua mchezo akiwa mkubwa, ukampa mechi saba kwa mwaka ajifunzie humo, utamjuaje uwezo wake? Mchezo haujifunzwi kwa kuangaliwa ukiwa kwenye benchi.

Niseme na la miili, kwa upole, maana ni la huzuni. Magoti ya wachezaji wanawake yanapasuka kano mara nyingi kuliko ya wanaume, na watu wa tiba wanataja sababu kadha wa kadha: maumbile, miaka michache ya kujifunza kutua na kugeuka, muda mdogo wa kujengwa mwili. La maumbile hamliwezi. La muda liko mikononi mwenu. Mchezaji anayefika mazoezini saa kumi na moja jioni baada ya kusimama darasani mchana kutwa anafika na miguu iliyokwisha kazi, na hapo ndipo mnamtaka aruke na kutua sawasawa.

Kocha wa binti yangu alishacheza ligi yenu. Jina lake na la klabu yake nayahifadhi. Mchana anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, kwa hiyo huja mazoezini na rangi za maji kwenye vidole, buluu na njano, na kwenye goti la kulia ana mshono mrefu uliopinda kidogo kama ndoano. Wasichana wanaupenda huo mshono, wanauulizia. Yeye anawaambia ulipatikana Jumamosi na kazini alirudi baada ya wiki mbili, kwa magongo, kwa kuwa kazi ile nyingine ndiyo iliyokuwa ikilipa nyumba. Anawaambia huku anacheka. Mimi niliyekuwa nyuma yake nakata machungwa ya mapumziko sikucheka.

Na yupo Heather Anderson, ambaye hamtakiwi kumsahau. Alikuwa mhudumu wa tiba jeshini, akacheza mechi nane kwa Adelaide na kutwaa nao ubingwa wa 2017, bega likamstaafisha. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 28. Wazazi wake walitoa ubongo wake uchunguzwe, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba alikuwa na ule ugonjwa wa ubongo unaotokana na vishindo vya kichwa vya mara kwa mara, mwanamke wa kwanza katika michezo ya kulipwa duniani kugundulika nao. Alikuwa ameanza kupambana uwanjani tangu utotoni, siyo kwenu peke yenu. Lakini daktari anayemfuata mchezaji mwaka mzima anaona mambo ambayo yule wa msimu haoni, na mshahara unaotosha humruhusu mtu kusema "leo kichwa hakiko sawa" bila kuogopa.

Najua mtakachosema. Mtasema ligi hii inakula kuliko inavyoleta. Inawezekana. Haki za matangazo za 2025 hadi 2031 mmeziuza kwa dola bilioni 4.5, na mchezo unaonunuliwa hapo ni mmoja, wenye nyumba moja na vyumba viwili. Watoto wa nyumba moja hawalishwi kwa kupimana nani ameleta nini mezani. Mwaka 2019 picha ya mchezaji Tayla Harris akipiga teke, mguu umenyooka angani juu ya kichwa, ilitukanwa matusi ya aibu mtandaoni, na walioichapisha, badala ya kuwafuta watukanaji, wakaifuta picha. Baadaye wakaomba radhi wakairudisha, na miezi michache mbele sanamu ya teke lile lile ikasimamishwa Federation Square katikati ya mji. Watalii wamepiga nayo picha. Basi thamani ya mchezo wa wanawake mnaijua. Mliijua tangu usiku mlipofunga milango ya Princes Park.

Ombi letu ni dogo na lina tarehe. Makubaliano ya sasa yanakwisha 2027. Mtakapoketi kuandika mapya, likateni lile fundo linalofunga idadi ya mechi na idadi ya mashabiki. Andikeni mechi 17, kila mtu akutane na kila mtu mara moja, hata kama mtafika huko kwa hatua za miaka mitatu au minne, lakini hatua ziwe na tarehe, zisiwe na masharti. Mechi za Jumanne zisirudi tena. Fainali ipelekeni penye viti. Na elfu sita zenu kama mnazipenda sana, zifanyeni kipimo cha kazi yenu nyinyi mnaopanga ratiba na kuuza tiketi. Msichana anayekimbia kilomita nyingi kwenye matope hana ofisi ya masoko.

Binti yangu mwaka huo wa 2027 atatimiza miaka 18, umri wa kuingia drafti, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya. Msimu huu ameitwa kwenye majaribio ya timu ya vipaji ya kanda yetu. Kila klabu ina nafasi 30, na wanaozigombania wanatoka nchi nzima, wengine wanapanda ndege kutoka Ireland, kwa hiyo siandiki nikidhani yeye lazima apate. Pengine hatapata. Ana mpango wa kusomea uuguzi, na akiulizwa atachagua nini anajibu, "Vyote viwili, Mama." Daisy Pearce alifanya vyote viwili. Kocha wake anafanya vyote viwili. Mimi mwenyewe nilipofika nchi hii nilifanya viwili, na nawaambia mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi.

Kwa hiyo yule mama mgeni akiniuliza tena Jumapili hii kama futi ina kazi ndani yake, nitamwambia ipo, ya wiki kumi na mbili, na iliyobaki tumewaandikia wenyewe. Zamu ya kibanda ni yangu. Wengine wanauza soseji kwenye slesi ya mkate, mimi nauza mahamri na chai ya tangawizi. Mkipenda kuja kutujibu ana kwa ana karibuni, mechi inaanza saa nne asubuhi. Msichelewe lakini, mahamri yangu hayajawahi kufika robo ya tatu.

Wenu,

Mama wa namba 22,
Tarneit.